Chupa ya Maji ya Baiskeli: Chuma au Plastiki? Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kutunza

Mtu akiuliza ipi bora kati ya chupa ya chuma na ya plastiki, mara nyingi ameanzia mwisho. Cha kujiuliza kwanza ni unakunywa wapi: ukiwa kwenye kiti magurudumu yakizunguka, au umesimama, mguu mmoja chini? Jibu la hapo huamua mambo mengi kuliko uzito, bei au rangi. Anayekunywa huku akienda anahitaji chupa ya kubinya, na karibu kila chupa ya kubinya ni ya plastiki. Anayesimama kunywa ana uhuru mkubwa zaidi, na kwake chuma huanza kuwa na maana.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Nyingine ni fupi kwa sababu hazina mengi.

Hatua ya 1: Chunguza unavyokunywa

Safari ijayo, jiangalie. Mwendeshaji aliyezoea hushusha mkono bila kutazama, akachomoa chupa, akafungua kidomo (kile kijibomba cha kunywea kinachovutwa juu ya kifuniko) kwa meno, akabinya mara mbili tatu, akairudisha. Macho hayatoki barabarani, na kichwa hakiinuki. Chupa ya plastiki laini ndiyo inayomruhusu kufanya hivyo, kwa sababu mkono ndio unaoyasukuma maji nje.

Chuma hakibinyiki. Ili maji yatoke lazima uinue chupa na kurudisha kichwa nyuma, na kwa sekunde hizo unaona mawingu wakati barabara inaendelea kupita chini yako. Ziko chupa za chuma zenye mrija mwembamba wa kuingiza hewa ndani, na kweli maji hutiririka haraka kuliko kwenye chupa ya kawaida ya chuma. Bado zinategemea maji kuanguka yenyewe, kwa hiyo bado utainua chupa. Kwenye njia tambarare iliyo tupu hilo linavumilika. Ukiwa katikati ya kundi la waendeshaji, kwenye mteremko au barabara yenye magari, simama kwanza.

Kubinya kuna faida nyingine ambazo mtu huzikumbuka zikishamfika: kujimwagia maji kichwani na shingoni jua likiwa kali, kusafisha mkwaruzo baada ya kuanguka, kuondoa tope kwenye breki au kwenye kidomo chenyewe. Maji yanayotoka kwa msukumo hufanya kazi hizo vizuri. Yanayodondoka hayafiki mbali.

Ukishindana katika mbio za barabarani zinazofuata kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, uchaguzi wako umepunguzwa tayari: chupa iwe na ujazo usiopungua mililita 400 na usiozidi 800. Wanariadha wa kulipwa hutumia plastiki nyepesi, hupokea chupa mpya njiani na kuziacha zilizoisha. Zamani walizitupa popote. Tangu Aprili 2021 kanuni zinawataka wazitupe katika maeneo yaliyotengwa tu. Mimi na wewe chupa yetu tunarudi nayo nyumbani, kwa hiyo kuchagua kwa kuwaiga wao hakutufai sana.

Hatua ya 2: Pima fremu na kishikio kabla ya kulipa

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Chupa za baiskeli zina kipenyo cha takribani milimita 73 hadi 74, na vishikio vingi, yaani vile vizimba vya chupa vinavyofungwa kwenye fremu, vimetengenezwa kwa kipimo hicho. Chupa nzuri ya chuma iliyokusudiwa mezani au begani inaweza kuwa nene kidogo isiingie kabisa, au nyembamba kidogo ikaruka nje kwenye shimo la kwanza. Angalia pia kama ina mfereji mwembamba unaoizunguka sehemu ya juu. Vishikio vingi vina kijino kinachokaa kwenye mfereji huo, na ndicho kinachoizuia chupa isitoke. Chupa za chuma zisizo za baiskeli kwa kawaida hazina mfereji huo.

Kisha pima urefu. Chupa ya mililita 500 hadi 600 huwa na kimo cha sentimita 18 hadi 20 hivi. Ya 750 hufika 23 na zaidi. Kwenye fremu ndogo, au fremu yenye springi ya nyuma, chupa ndefu hugonga bomba la juu na haitoki bila kupindwa. Chukua rula, pima kutoka kitako cha kishikio hadi kizuizi kilicho juu yake, halafu acha nafasi ya kuichomoa. Nafasi ikiwa finyu, kuna vishikio vinavyofunguka ubavuni. Hivyo huokoa hali bila kukulazimisha upunguze maji.

Kishikio chenyewe kina usemi katika jambo hili. Cha plastiki ngumu hukamata chupa ya chuma bila kelele nyingi. Cha alumini huigonga kila penye mashimo, na kikisuguana na chupa ya alumini huacha unga mweusi unaochafua glavu. Cha kaboni chepesi hakikutengenezwa kwa mzigo huo. Chupa ya chuma ya mililita 750 ikijaa hufika kilo moja hivi, na kilo moja ikirukaruka kwa saa nzima hulegeza skrubu. Kila wiki mbili hivi zikague kwa ufunguo wake, lakini usizikaze kwa nguvu zako zote, hasa kwenye fremu ya kaboni au ya alumini nyembamba: nati iliyopachikwa ndani ya bomba ikianza kuzunguka, kuitengeneza ni usumbufu. Kelele nazo zina dawa rahisi. Kata kipande cha tyubu kuukuu, kifungie kwenye mikono ya kishikio, na mlio utaisha.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma kitako cha chupa ya plastiki

Geuza chupa. Chini kuna pembetatu ndogo yenye namba. Kwa chupa za baiskeli namba zinazokuhusu ni hizi: 4 ni polithilini laini, ile inayobinyika kwa urahisi, 2 ni polithilini ngumu zaidi, 5 ni polipropilini, ambayo huvumilia joto vizuri na hutumiwa sana kwenye vifuniko. Namba 7 ni kapu la "nyinginezo", na humo mna vitu tofauti kabisa. Polikaboneti, plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, imo humo. Plastiki mpya zaidi zilizokuja kuchukua nafasi yake zimo pia.

Polikaboneti ndiyo iliyoleta mjadala wa BPA, kemikali inayotumika kuitengenezea na inayoweza kuiga homoni mwilini. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011, na Marekani ikafuata mwaka 2012. Tangu hapo karibu kila chupa ya plastiki hubandikwa maandishi makubwa kwamba haina BPA. Kwa chupa ya namba 4, 2 au 5 sifa hiyo ni sawa na kuuza maji kwa kujivunia kwamba hayana mifupa: polithilini na polipropilini hazitengenezwi kwa BPA. Usilipe zaidi kwa ajili ya maandishi hayo. Kama chupa ni ngumu, angavu, ina namba 7 na ni ya zamani, hapo ndipo uwe na shaka.

Je, hiyo ina maana plastiki laini haiachi kitu majini? Inaacha. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walichapisha matokeo ya kupima maji ya bomba yaliyokaa saa 24 ndani ya chupa laini za michezo. Walikuta mamia ya kemikali zitokazo kwenye plastiki. Chupa zilizopitia mashine ya kuoshea vyombo ziliacha nyingi zaidi, zikiwemo zilizotokana na sabuni ya mashine, na kusuuza baada ya hapo kulizipunguza bila kuzimaliza. Kuonekana kwa kemikali kwenye kipimo hakumaanishi kwamba kiasi chake kinadhuru, na vitu vingi kati ya hivyo havijulikani vina athari gani. Hata hivyo yapo mambo matatu ya kufanya ambayo hayagharimu chochote: usilaze maji ndani ya chupa ya plastiki, ioshe kwa mkono badala ya mashine, na usiiache juani ikiwa na maji. Chupa inayojazwa asubuhi na kumalizwa kabla ya adhuhuri haiko katika hali ya jaribio lile.

Kama jambo hili linakunyima raha kabisa, chagua chuma na uvumilie usumbufu wake. Hiyo ni sababu halali, tena bora kuliko nyingi ninazozisikia.

Hatua ya 4: Usichanganye chuma na alumini

Sokoni zote huitwa chupa za chuma, lakini ni vitu viwili.

Alumini ni nyepesi: kipande chake kina kama theluthi moja ya uzito wa kipande cha chuma chenye ukubwa uleule. Kasoro yake ni kwamba humenyuka na vinywaji vyenye asidi kama juisi ya limau, kwa hiyo watengenezaji huipaka utando ndani. Utando huo mara nyingi ni wa jamii ya plastiki, na aina fulani za utando wa epoksi hutokana na BPA ileile. Mtu anayeikimbia plastiki akanunua chupa ya alumini anaweza kuwa amenunua plastiki iliyovalishwa koti. Tena alumini hubonyea ikianguka, na inapobonyea utando wa ndani unaweza kupasuka. Kwa baiskeli, siipendekezi.

Chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, hakihitaji utando. Tafuta alama ya 18/8 au 304: maana yake ni chuma chenye takribani asilimia 18 ya kromu na asilimia 8 ya nikeli. Kromu hujenga ngozi nyembamba sana ya kinga juu ya chuma, na ngozi hiyo ikikwaruzwa hujirudisha yenyewe hewani. Wapo wanaopima ubora kwa sumaku wakiamini kwamba isiponasa basi chuma ni kizuri. Kipimo hicho hudanganya. Kuna chuma cha bei ya chini, daraja 201, chenye nikeli kidogo na manganizi nyingi, nacho kwa kawaida hakinasi sumaku; na chupa halisi ya 304 inaweza kunasa kidogo mahali ilipokunjwa kiwandani. Amini alama na muuzaji anayekubali kurudishiwa bidhaa, sumaku iache kwenye friji.

Hatua ya 5: Amua kama baridi ni lazima kwako

Chupa ya chuma yenye ukuta mmoja haitunzi baridi. Narudia kwa sababu wengi hununua wakiamini kinyume chake: chuma hupitisha joto kuliko plastiki, na juani maji ya ndani yatapata moto upesi tu. Kinachotunza baridi ni ombwe, yaani kuta mbili zilizonyonywa hewa katikati, ufundi uleule wa chupa ya chai uliobuniwa na James Dewar mwaka 1892. Penye ombwe hakuna hewa ya kubeba joto kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kwa hiyo joto hupenya zaidi kupitia shingo na kifuniko. Barafu ukiiweka asubuhi, mchana utaikuta.

Katikati kuna plastiki ya kuta mbili yenye karatasi inayong'aa au sponji ndani yake. Inabinyika, ingawa kwa ugumu zaidi, na huchelewesha maji kupata moto kwa muda wa kama saa moja hadi mbili. Ukiwa unaendesha saa mbili hivi kwa safari, hiyo inatosha na huna haja ya chuma.

Njia ya bei rahisi kuliko zote, kama yale ya Hatua ya 3 kuhusu kulaza maji hayakutishi: jaza theluthi moja ya chupa ya plastiki ya kawaida, isimamishe ndani ya friza kifuniko kikiwa kimelegezwa, na asubuhi ongeza maji. Usijaze hadi juu, kwa sababu maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Na chupa ya ombwe usiiweke kwenye friza hata mara moja. Barafu ikitanuka huusukuma ukuta wa ndani, na ombwe likiharibika halirudi. Hiyo tumbukizie vipande vya barafu.

Kwa vinywaji vya moto, chuma hakina mpinzani. Polithilini laini hulegea kwenye maji yanayochemka na hutoa harufu. Lakini hata kwenye chuma, chai ya moto ifungie kwa kifuniko cha kuzungusha, si kidomo cha kuvuta: mvuke hujikusanya ndani, na ukifungua kidomo utarushiwa usoni.

Hatua ya 6: Uzito

Chupa tupu ya plastiki ya mililita 600 ina gramu 70 hadi 90 hivi. Ya chuma yenye ombwe, ujazo huohuo, ni gramu 300 au zaidi. Tofauti yake ni glasi moja ya maji. Kama hushindani kwenye milima, sahau jambo hili uende hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Kagua kifuniko kuliko mwili wa chupa

Mwili wa chupa haukusumbui sana. Kinachovuja, kinachoota ukungu na kinachovunjika ni kifuniko, na hata chupa ya chuma ya gharama kubwa huwa na kifuniko cha plastiki. Dukani fanya yafuatayo. Fungua kidomo kwa meno, au angalau kwa mkono mmoja. Angalia kama kinang'oka chote kwa ajili ya kuoshwa. Kisichong'oka kitaota ukungu, ni suala la muda. Toa mpira wa kuzibia uone kama unarudi bila kupindana. Ukiruhusiwa, tia maji, geuza chupa juu chini na kuitikisa. Uliza pia kama kifuniko kinauzwa peke yake. Chuma kinaweza kudumu miaka mingi, lakini kama kifuniko chake hakipatikani, umri wa chupa yako ni umri wa kifuniko.

Mdomo mpana ni bora: barafu hupita, na mkono au brashi hufika chini.

Hatua ya 8: Kata shauri

Ukiendesha kwa kasi, kwa kundi, au kwenye njia ya mawe na mizizi, chukua plastiki ya kubinya. Ukienda kazini au shuleni kwa baiskeli na chupa inaendelea kutumika mezani siku nzima, chukua chuma chenye ombwe chenye kipenyo sahihi. Kama fremu yako ina vishikio viwili na unasafiri masafa marefu, usichague: weka plastiki kwenye bomba linaloshuka kutoka usukani kwenda kwenye pedali, kwa kuwa ndilo lililo karibu na mkono, na chuma kwenye bomba la kiti. Ukisimama kupumzika, jaza ya plastiki kwa maji baridi ya kwenye chuma. Mpango huu ndio ninaoupenda kuliko wote, na nashangaa hautajwi mara kwa mara.

Mtoto mpe plastiki laini. Na kokote uendako, usibebe chupa ya chuma kwenye mfuko wa mgongoni wa jezi. Ukianguka chali utaangukia kitu kigumu kilicho juu ya uti wa mgongo.

Hatua ya 9: Maandalizi ya kwanza na usafi wa kila siku

Plastiki mpya ina harufu. Tia maji ya uvuguvugu na kijiko cha soda ya kuokea, acha usiku kucha, suuza, kisha iache wazi penye hewa kwa siku moja. Harufu isipoisha baada ya mara mbili tatu, irudishe dukani.

Kila ukirudi safarini, fungua kila kitu: kifuniko, kidomo, mpira. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kwa kutumia brashi, suuza mara mbili, kisha kausha vipande vikiwa mbalimbali. Kukausha ndiyo kazi yenyewe. Chupa iliyofungwa ikiwa na matone ndani hushika ukungu hata kama iliwekewa maji matupu, na kama ilikuwa na kinywaji cha sukari, mapema zaidi. Kwa chupa ya plastiki, epuka brashi ya waya: mikwaruzo ndiyo maskani ya vijidudu.

Ukungu ukishaanza, loweka kifuniko kwenye siki iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu kwa muda wa saa moja, kisha sugua pembe zote kwa brashi ndogo ya meno. Dawa ya klorini usiikaribishe kwenye chuma cha pua, kwani hula ile ngozi ya kinga na kuacha vitobo vidogo. Na siki na klorini zisikutane katika chombo kimoja kabisa, maana hutoa gesi yenye sumu.

Hatua ya 10: Jua wakati wa kuiacha

Plastiki imefika mwisho inapobaki na harufu baada ya kuoshwa, inapobadilika rangi kwa ndani, au inapokuwa na madoa meusi yasiyofikiwa na brashi. Chuma chenye ombwe kipime hivi: tia maji ya moto, funga, subiri dakika tano, kisha kipapase nje. Mwili ukiwa na joto, ombwe limekwisha. Bado ni chupa salama ya maji, ila usiitegemee kwa barafu wala chai.

Plastiki iliyostaafu usiitupe mara moja. Kata sehemu ya shingo, tia ndani tyubu ya akiba, viraka, gundi na vyuma vya kung'olea tairi, vizungushie kitambaa visigongane, halafu ichomeke kwenye kishikio cha pili. Siku usiyobeba chupa ya pili, utakuwa na sanduku la vifaa.